Kabla ya kushika spana, hakiki kitabu cha pikipiki yako

Katika familia nyingi, pikipiki inayompeleka baba kazini ndiyo hiyohiyo inayombeba mtoto kwenda shule na mama kwenda kliniki. Breki ikifungwa vibaya nyumbani Jumamosi, Jumatatu familia nzima iko hatarini.

Kujifanyia matengenezo madogo ili kupunguza gharama si kosa. Tatizo ni kufuata karatasi zilizotolewa kopi au faili iliyotumwa kwenye simu, bila kujua ni ya pikipiki gani.

Kwanza, tofautisha vitabu viwili. Kinachokuja na pikipiki mpya ni cha mtumiaji: kinaeleza upepo wa matairi, aina ya oili na wakati wa kuibadilisha. Kitabu cha fundi kinaonyesha jinsi ya kufungua na kufunga kila kifaa, pamoja na vipimo vyake.

Pili, usiridhike na jina lililo kwenye jalada. Boxer, kwa mfano, ipo ya cc 100, 125 na 150. Andika ukubwa wa injini, mwaka na namba ya chesisi, kisha tazama kama kitabu kinaitaja pikipiki yako.

Tatu, fungua ukurasa wa breki. Kitabu cha kuaminika kinataja kwa milimita unene ambao breki zikifikia lazima zibadilishwe, na nati zikazwe kwa nguvu kiasi gani. Kinachosema “kaza vizuri” tu, kiweke kando. Kilinganishe pia na kile cha mtumiaji: kiasi cha oili kikitofautiana, huenda ni cha pikipiki nyingine.

Nne, soma kurasa za tahadhari. Kitabu kizuri kinakukataza kuwasha injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Kinakukumbusha pia usipulize vumbi la breki kwa mdomo, unawe mikono kwa sabuni baada ya kushika oili chafu, na uiweke mbali na watoto.

Kazi ikihitaji kifaa ambacho huna, mpelekee fundi. Nenda na kitabu chako, umuulize nati za gurudumu amezikaza kwa kipimo gani.