Maziwa Hayaoshi Damu

Wiki iliyopita walikuja watatu, kila mmoja na karatasi yake ya maabara iliyokunjwa mara nne. Mstari ni uleule: fosfatasi alkali, 141, mpaka wa juu 120. Swali nalo ni lilelile ninaloulizwa tangu nianze kazi hii hapa Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti: "Dokta, ni kobalti imeingia mu damu?"

Hapana. Kipimo hicho hakipimi kobalti.

Kinachonichosha ni kwamba mtu akifika kwangu huwa ameshaanza kujitibu. Maziwa ya unga, nusu lita asubuhi na nusu lita jioni, na wengine huongeza vijiko viwili vya mawese "ili sumu ishuke". Kijana mmoja wa Kanina, mchimbaji, alifanya hivyo wiki mbili. Siku ya kurudia kipimo akaamka alfajiri akanywa tena, maana alitaka damu ikutwe safi. Namba ikatoka 158. Mama yake alikuwa tayari kuuza cherehani ampeleke Lubumbashi, na mtoto hana ugonjwa wowote! Namba iliongezwa na yale maziwa na mawese.

Fosfatasi alkali inayosomwa na mashine ni jumla ya enzimu zinazotoka sehemu kadhaa: ini na mirija ya nyongo, mifupa, kondo la nyuma la mama mjamzito, na ukuta wa utumbo mwembamba. Ile ya utumbo hukaa pale mafuta yanapofyonzwa. Ukila mafuta, sehemu yake huondoka pamoja nayo, hupita katika limfu na kumwagika kwenye damu. Kwa watu wa kundi la damu O na B, hasa wale ambao alama za kundi lao hutoka hata katika mate, inaweza kuongeza yuniti 30 hivi na kubaki juu kwa muda wa hadi saa 12. Kwa wenye kundi A ongezeko ni dogo, kwa kuwa chembe nyekundu huinasa. Na kundi O ndilo lenye watu wengi kuliko yote huku kwetu. Hesabu hapo wewe mwenyewe: mtu wa kundi O aliyekunywa maziwa yenye mafuta na mawese kabla ya kutolewa damu anaweza kuvuka 120 bila kuumwa popote. Isitoshe, enzimu hii ya utumbo inayoshukiwa kuwa sumu hufanya kazi ya kupunguza makali ya sumu za bakteria tumboni.

Sasa maziwa yenyewe. Najua imani hii ni ya zamani na haiko kwetu tu. Nchini Urusi sheria ya kazi mpaka leo inaagiza wanaofanya kazi za hatari wapewe maziwa. Wanaonitajia Urusi hudhani wamemaliza mjadala. Sheria ya nchi haibadilishi njia ya chakula mwilini. Vumbi la kobalti huingia kwa pua likafika mapafuni, au kwa mdomo kupitia mikono, maji na chakula. Maziwa huenda tumboni, humeng'enywa kama bukari, ugali wetu, inavyomeng'enywa, na hayana njia ya kufika pafuni kufuata vumbi. Kobalti ikishaingia kwenye damu, kazi ya kuitoa ni ya figo, nayo hutoka kwa mkojo.

Lipo jambo moja la kweli ambalo pengine ndilo lililoyapa maziwa sifa: mtoto aliyepungukiwa kalisi hufyonza risasi nyingi zaidi. Lakini hapo tunazungumzia risasi, na tunazungumzia kuzuia isiingie. Kwa kobalti mambo ni mabaya zaidi ya kukosa faida tu. Kobalti hupita utumboni kwa mlango uleule wa madini ya chuma, na mwili wenye njaa ya chuma huufungua mlango huo wazi zaidi. Mtoto mdogo anayejazwa maziwa ya ng'ombe kutwa nzima hukosa nafasi ya sombe, maharagwe na samaki, hupungukiwa damu, na utumbo wake hufyonza kobalti zaidi. Mama anamnywesha mwanawe akidhani anamkinga. Hili ndilo linalonifanya nipaze sauti, wala sitaacha.

Wanaouza mizizi ya "kusafisha damu", na wanaowapitishia watu maji ya dawa kwa nyuma, nitawapa sentensi moja: kuharisha hukausha mwili na kuumiza figo, ambazo ndizo mlango wa kutokea wa hiyo kobalti unayoikimbia.

Sisemi hofu ya madini ni ya bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo, na mwaka 2018 wakaonyesha hivyo kwa Kasulo, mtaa wetu ambako watu walichimba chini ya nyumba zao. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, na vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na madini hayo. Huko Quebec, Kanada, katika miaka ya 1960, walevi walikufa kwa ugonjwa wa moyo baada ya viwanda kutia kobalti kwenye bia ili povu lidumu. Kobalti inadhuru. Ndiyo maana inastahili kipimo chake, cha mkojo au damu.

Ukipewa karatasi yenye nyota kando ya namba hii, basi: rudia kipimo bila kula usiku kucha, kwa muda wa saa 10 hadi 12, maji tu. Omba na vipimo vya ini, Gama-GT na bilirubini, pamoja. Gama-GT ikiwa sawa, ini huenda halihusiki. Tazama mifupa, au utumbo. Mtoto anayekua na mama mwenye mimba kubwa huwa na namba ya juu kwa kawaida, usiwasumbue. Mvunjiko unaounga huipandisha, selimundu pia. Gama-GT ikipanda nayo, fanya ekografi, pima homa ya ini B na C, na umwambie daktari ukweli kuhusu pombe ya lutuku, dawa za kifua kikuu na mizizi uliyokunywa. Macho ya manjano, mkojo mweusi, mwili kuwasha: usisubiri, nenda leo. Na nyumbani, nguo za mgodini zibaki nje, mawe yasipondwe uani, sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kavu, na watoto wanawe mikono kabla ya kugusa bukari.