Sura ya bosi, mfuko mtupu

Leo naanza kwa kujiumbua. Mwaka jana niliazima suti ya rafiki yangu, nikaenda studio, nikapiga picha nimekaa kama kigogo anayesubiri kuapishwa. Nikamtumia mama kijijini. Wiki haijaisha, salamu zikanifikia: "Mwanangu, kwa kuwa umeshakuwa bosi, naomba mabati ya jikoni." Mabati! Mimi hapo nadaiwa kodi miezi miwili.

Nilidhani huu ni ujanja wetu vijana wa mjini. Wapi! Wakubwa waliujua zamani.

Mwaka 1438 mfalme mkuu wa Konstantinopoli, John VIII Palaiologos, alitua Ferrara, Italia, kwenye mkutano wa kuunganisha kanisa la Mashariki na la Roma. Shida yake hasa ilikuwa askari. Waturuki walikuwa wamembana, na ufalme wake umebaki mji na vipande vichache. Hata posho ya msafara wake ilitoka kwa Papa, tena ikichelewa.

Hapo mchoraji Pisanello akatengeneza medali yake. Si sarafu, hununulii kitu. Sura inafinyangwa kwa nta, inawekwa kwenye kalibu, kisha inamiminwa shaba au risasi iliyoyeyushwa. Upana wake kama sentimita 10, unaishika kiganjani. Mbele yupo mfalme na ndevu zake na kofia ndefu, na maandishi yakimtaja kuwa mtawala wa Warumi. Nyuma yuko juu ya farasi. Ukiiona, utasema huyu ana shida gani?

Wakubwa wa Italia nao wakaona hiyo ni bomba. Picha ya ukutani inakaa palepale, lakini medali unatoa nakala nyingi, unamgawia balozi, rafiki, hata mpinzani. Leonello d'Este, bwana wa Ferrara, alitengenezewa ya harusi mwaka 1444. Nyuma yake kuna simba anafundishwa kuimba, maana jina Leonello ni simba mdogo. Sigismondo Malatesta wa Rimini ndiyo alizidi: alizifukia medali zake ndani ya kuta za majengo yake, ili hata kuta zikibomoka, sura yake ikutwe.

Na yule mfalme? Jeshi lililokwenda kupigana na Waturuki lilichapwa Varna mwaka 1444. Yeye akafariki 1448, na mji wake ukaanguka 1453. Medali ipo mpaka leo kwenye majumba ya makumbusho, na bado inamwita mtawala.

Ndiyo hivyo, jamani. Sura inaweza kukuombea heshima, lakini haikulipii deni. Wahenga walisema cha kuazima hakistiri maungo.

Juzi nilimpigia mama, nikamweleza ukweli kuhusu ile suti. Akacheka sana. Kisha akasema picha haiondoki ukutani, majirani wameshaizoea.

Na mabati bado anayataka. Tukutane wiki ijayo!