Kikundi cha Kazi Kikutane Mara Ngapi? Mfano wa Unukuzi wa Kiswahili cha Lubumbashi

Katika makala hii fupi tunataka kujibu swali ambalo huzuka kila watafiti wanapoungana kwa kazi moja: tukutane mara ngapi? Kwa kawaida jibu hutolewa upesi kwa kutazama kalenda: kila Jumatatu, au kila mwisho wa mwezi. Sisi tunaona kwamba kalenda ni ya kutazamwa mwisho. Kwanza yafaa tujue: kosa likitendeka leo, litaweza kukaa siku ngapi bila kuharibu kazi ya wenzetu?

1. Mfano wenyewe

Tuchukue kikundi cha watu sita wanaonukuu mazungumzo yaliyorekodiwa Lubumbashi, kusudi yatumiwe baadaye katika kutunga kamusi. Msemaji mmoja hutamka mutu, mwingine muntu. Wingi wake huwa batu au bantu. Mnukuzi aliyezoea Kiswahili cha shuleni huandika mtu na watu pasipo kukusudia, kwa kuwa ndivyo mkono wake ulivyofunzwa. Akiachwa peke yake mwezi mzima, hasara huwa mbili. Ya kwanza, orodha ya maneno itakuwa na sura ambazo hakuna aliyezitamka. Ya pili ni kubwa zaidi: viambishi mu- na ba-, ambavyo ni miongoni mwa alama za Kiswahili cha huku, vitakuwa vimefutika katika maandishi, na msomaji hatajua kwamba vilikuwapo. Dawa yake ni moja tu, kusikiliza upya rekodi zote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

2. Gharama ya kikao

Je, basi tukutane kila siku? Tufanye hesabu. Watu sita wakikaa saa 2, kikundi kimetumia saa 12 za kazi. Wakifanya hivyo kila juma, katika majuma manne zimekwenda saa 48, yaani siku 6 za mtu mmoja afanyaye kazi saa 8 kwa siku. Tena nauli haijahesabiwa.

Wengine wamekata shauri kwa njia zao. Katika utungaji wa programu za kompyuta, utaratibu uitwao Scrum, uliotolewa Marekani mwaka 1995 na Jeff Sutherland na Ken Schwaber, huwataka watendaji kukutana kila siku, lakini kwa dakika 15 tu, kwa sababu kazi ya mmoja leo ndiyo msingi wa kazi ya mwenzake kesho. Kwa upande mwingine, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilikuwa na wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Umbali haukuwaruhusu kukutana kila juma. Palihitajika katibu wa kushika shughuli kati ya mkutano na mkutano. Hakuna haja ya kuiga upande wowote kabla ya kupima kazi yetu wenyewe.

3. Namna ya kukata shauri

Tunapendekeza maswali matatu. Je, ni mambo mangapi mapya yanayozuka kila juma na kuhitaji uamuzi wa wote? Je, kosa lisiloonekana litagharimu siku ngapi za kusahihisha? Je, jambo hili lahitaji watu sita, au wawili watalimaliza mezani pao?

Kwa wanukuzi wetu, majibu hubadilika kadiri kazi inavyoendelea. Mwanzoni karibu kila ukurasa huleta shaka. Hapo vikao viwili vifupi kwa juma si vingi. Kaida za maandishi zikishaandikwa katika daftari moja linalosomwa na wote, kikao kimoja kwa majuma mawili, kisha kimoja kwa mwezi, kitatosha. Lakini rekodi zikianza kutoka mji mwingine, au mnukuzi mpya akiingia, turudie vikao vya mara kwa mara. Kipimo ni rahisi: vikao viwili vikipita bila uamuzi wowote, tuongeze nafasi kati yao, kazi ikirudiwa mara mbili kwa kosa lile lile, tuipunguze.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hesabu hailionyeshi. Katika vyuo vyetu, kijana aliye chini huona haya kumwendea mkubwa wake mlangoni ili kumwambia kwamba hajaelewa. Huificha shaka yake, na shaka iliyofichwa huwa kosa katika maandishi. Kikao chenye siku inayojulikana, ambamo kila mmoja huombwa kutaja neno lililomshinda, humpa ruhusa ya kuuliza bila kukosa adabu. Kwa hiyo, hata vikao vikipunguzwa, siku zake zisiachwe kutegemea nafasi ya mkubwa.

Kwa kumalizia, hakuna idadi moja inayofaa vikundi vyote. Kikundi kitafute muda mrefu ambao kosa laweza kukaa bila kuwalazimisha watu kuanza upya, kisha kikutane kabla muda huo haujaisha.