Injini ya Impreza ikichoka: kuifanyia ovaholi au kuweka nyingine?

Subaru Impreza ilianza kuuzwa mwaka 1992, na Afrika Mashariki tulilijua gari hili vizuri kupitia Safari Rally ya Kenya. Colin McRae alishinda akiendesha Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Magari ya WRX ya kipindi hicho bado yapo barabarani kwetu, mengi yakiwa yameingia kama mitumba kutoka Japani. Sasa yamevuka miaka 20 na injini zake zimechoka. Wasikilizaji wanatuuliza: niifungue injini niitengeneze, au nitafute nyingine?

Jibu letu ni kwamba upime kwanza. Wapo wanaotupa injini nzima wakati kilichokufa ni kifaa kimoja.

Dalili zinaweza kudanganya

Gari likitoa moshi wa bluu, linachoma oili. Mtu husikia hivyo akadhani ringi za pistoni zimekwisha. Lakini oili inaweza pia kupita kwenye sili za valvu, au kwenye tabo iliyochakaa. Tabo hufunguliwa na kubadilishwa bila kugusa pistoni.

Kipimo cha kawaida ni kupima kompresha. Fundi hutoa plagi, hufunga geji kwenye tundu la plagi, kisha huzungusha injini kwa stata. Silinda zote nne zinatakiwa kusoma namba zinazokaribiana. Moja ikiwa chini sana, tatizo liko hapo.

Mafundi wengi huendelea kwa kumimina oili kidogo kwenye silinda dhaifu. Kompresha ikipanda, wanasema ni ringi. Kwa injini ya Subaru usitegemee sana kipimo hicho, kwa sababu silinda zake zimelala, mbili kila upande, na oili hutuama upande wa chini badala ya kuizunguka pistoni yote.

Kipimo bora ni kuingiza upepo wa kompresa kwenye silinda, valvu zikiwa zimefungwa, kisha kusikiliza unatokea wapi. Ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au silinda. Ukisikika kwenye egzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Mapovu yakionekana kwenye rejeta, gasketi ya hedi imeungua au hedi imepinda.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ni habari nyingine. Hizo mara nyingi ni beringi za koni rodi. Zima gari na ulivute hadi gereji. Kila kilomita unayoongeza inazidi kuila krenki.

Ukiamua ovaholi

Faida yake ni kwamba injini unaijua, na namba yake haibadiliki. Injini ya EJ20 ina silinda zenye kipenyo cha milimita 92. Zikiwa zimelika, huchongwa zikapanuliwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa mfano za milimita 92.25. Krenki nayo hupimwa, na ikibidi huchongwa na kufungwa beringi za saizi inayolingana.

Kazi hii inahitaji karakana yenye mashine na vipimo sahihi. Fundi anayepima kwa kidole atakurudisha gereji mapema.

Beringi zikiwa zimesagika, vipande vya chuma vimeshasambaa kwenye njia zote za oili. Kibadilishe kipoza oili, osha mipira na mabomba yote, na ikague tabo. Usipofanya hivyo, uchafu wa injini ya zamani utaziua beringi mpya.

Ukiamua kuweka nyingine

Injini ya mtumba hufungwa haraka, lakini historia yake hujui. Omba ipimwe kompresha kabla hujalipa, na upate dhamana ya maandishi, hata kama ni ya wiki chache.

Hakikisha pia inaendana na gari lako. Injini za EJ20 zinafanana kwa macho, ila si zote zinazotumia kompyuta na waya zilezile. EJ207 za miaka ya 2000, kwa mfano, zina mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na kompyuta ya zamani haiuelewi. Ndiyo maana wengine hununua gari lililokatwa nusu ili wapate injini, waya na kompyuta kwa pamoja.

Kabla haijafungwa, badilisha mkanda wa taimingi, roli zake, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki. Injini ikiwa chini ya meza kazi hii ni nyepesi. Mkanda ukikatika gari likitembea, valvu hugongana na pistoni, na hapo utakuwa umenunua injini mara mbili.

Usisahau kadi

Tanzania, kadi ya gari inayotolewa na TRA huandikwa namba ya injini pamoja na ya chasisi. Ukibadilisha injini bila kubadilisha taarifa, utakwama siku ya kuuza gari au ya kudai bima. Dai risiti na nyaraka za injini kutoka kwa muuzaji. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi, na atakayeulizwa ni wewe uliyekutwa nayo.

Muulize fundi maswali haya

Kabla hujatoa pesa, muulize: umepima nini, na namba zimesomaje? Ni vifaa gani vitabadilishwa, na bei ya kila kimoja ni ipi? Injini ikisumbua baada ya mwezi mmoja, nani atalipa? Asiyeweza kujibu la kwanza bado hajajua ugonjwa wa gari lako, hivyo usimruhusu aanze kufungua boliti.