Risasi Kuingia Si Kufaa: Usikubali Kupanuliwa Chemba ya Bunduki



Wiki iliyopita nilikuwa kwa mzee mmoja upande wa Kahama, nimeenda kukagua viwavijeshi vamizi kwenye mahindi yake. Tulipomaliza, akanipeleka kona ya chini ya shamba. Nguruwe pori walikuwa wamelaza karibu nusu ekari kwa usiku mmoja.

"Bwana shamba, dawa ya viwavi nimeielewa. Na hawa je?"

Mzee ana shotigani ya mtutu mmoja, ile ya kukunja, unaweka risasi moja, unapiga, unatoa ganda. Leseni anayo. Mpango wake ulikuwa huu: amepata risasi za milimita 76, zenye nguvu kuliko zile za 70 alizozoea. Kuna fundi huko Geita anayekereza vyuma vya makarasha, kamwambia atampanulia chemba kwa nusu siku tu.

"Tena nimeshajaribu," akasema. "Hata bila kupanua, inaingia yote na bunduki inafunga."

Ndugu zangu, hapo nilishtuka. Mimi si fundi wa silaha, lakini nimefanya kazi miaka kadhaa na askari wa wanyamapori, na jambo hili walinifundisha vizuri. Naliandika hapa kwa sababu najua mzee huyu hayuko peke yake.

Kwa nini inaingia?

Chemba ni ile sehemu ya nyuma ya mtutu ambapo risasi hukaa. Sasa, ile namba 70 au 76 si urefu wa risasi ukiwa umeishika mkononi. Ni urefu wa ganda likishapigwa na mdomo wake ukafunguka. Risasi mpya mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ni fupi. Ndiyo maana ya 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya 70 bila kulazimisha. Ukifyatua, mdomo unafunguka na kukosa nafasi, unabana njia ya marisau, na mgandamizo unapanda ghafla.

Basi fundi apanue, si itaisha?

Haiishi. Fundi akipanua chemba anapunguza chuma, na anakipunguza mahali ambapo mgandamizo ni mkubwa kuliko kote kwenye mtutu. Kwa viwango vya Ulaya, risasi za kawaida za namba 12 zinaruhusiwa kufika bar 740, na zile za nguvu zaidi bar 1,050. Tairi la gari dogo tunalijaza bar 2 hivi. Kwa hiyo unaongeza mzigo na papo hapo unapunguza ukuta. Bawaba na kufuli ya bunduki navyo ni vilevile vya zamani, na vyote viko sentimita chache kutoka usoni kwako.

Ni sawa na bomba la kunyunyizia dawa lililochakaa. Ukipanua tundu la mfuniko hujaliimarisha bomba. Tofauti ni kwamba bomba likipasuka unalowa, ila mtutu ukipasuka unapoteza vidole au macho.

Kubadili bunduki itumie risasi nyingine ni kazi inayofanyika, sikatai. Waingereza walikuwa na bunduki ya risasi moja, Martini-Henry, iliyoingia jeshini mwaka 1871. Walipohamia risasi mpya ya .303, nyingi walizibadili. Lakini waliziwekea mtutu mpya, wakarekebisha na kufuli, kwenye viwanda vyao vya silaha. Hawakuchimba tundu wakaishia hapo. Fundi wa karasha anaijua kazi yake na namheshimu, ila hana kifaa cha kupima kama mtutu utahimili.

Tulichokikuta

Nikamwomba mzee aifungue bunduki, tukahakikisha ni tupu. Tukasugua kutu chini ya mtutu kwa kitambaa chenye mafuta. Mhuri ukaonekana: 12, na pembeni 65.

Mzee akanyamaza. Miaka yote amekuwa akipiga risasi za 70 kwenye chemba ya 65. "Kumbe ndiyo maana maganda yalikuwa yanang'ang'ania," akasema. Ndiyo, baba. Bunduki ilikuwa inakuonya.

Fanya hivi

1. Soma mhuri wa mtutu na maandishi ya boksi la risasi. Namba ya risasi isizidi ya chemba. Kama mhuri hausomeki, usipige.

2. Bunduki ikiwa na shaka, irudishe kwa polisi waliokupa leseni wakuelekeze kwa fundi mwenye kibali. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza silaha si kazi ya gereji yoyote. Anayekubali kuichimba kichochoroni anakuingiza kwenye kesi pamoja naye.

3. Mnyamapori ni mali ya Serikali hata akiwa kwenye mahindi yako. Toa taarifa ofisi ya kijiji mapema, afisa wanyamapori wa halmashauri aje aone hasara ikiwa bado mbichi.

4. Kwa nguruwe, fyeka kichaka kinachopakana na shamba, lindeni kwa zamu na majirani kwa moto, tochi na kelele mahindi yanapobeba. Kwa fisi, zizi la miti iliyobanana na miiba, mifugo ilale ndani. Kwa tembo, kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili ya kusaga.

Mzee na majirani zake watatu wameanza zamu Jumatatu. Shotigani iko polisi inasubiri kukaguliwa. Kwa fundi wa Geita hakwenda tena.

Mwenye bunduki ya urithi nyumbani, kasome mhuri leo, kabla nguruwe hawajarudi.