Zana za Kupanga Msimbo

Zana ya kupanga msimbo ni programu inayosoma msimbo wa programu nyingine na kuuandika upya kwa mpangilio mmoja (nafasi mwanzoni mwa mistari, mahali pa mabano, urefu wa mstari) bila kubadili kazi ya msimbo huo. Kompyuta yenyewe haijali mpangilio, isipokuwa kwa lugha kama Python, ambamo nafasi zinazotangulia mstari zina maana. Anayehangaika ni binadamu atakayeusoma.

DHIS2 ni mfano mzuri wa mradi unaohitaji zana hizi. Huu ndio mfumo ambao Tanzania hukusanyia takwimu za vituo vya afya, kuanzia Dar es Salaam hadi Manispaa ya Sumbawanga. Unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na msimbo wake, ulioandikwa kwa Java, uko wazi kwa yeyote. Katika mradi wenye waandishi wengi namna hiyo, kila mmoja akifuata mazoea yake, badiliko la mstari mmoja hufunikwa na mistari chungu nzima iliyosogezwa tu. Mhakiki huchoka, na kosa la kujumlisha wagonjwa mara mbili hupita. Ndiyo maana mradi huo hutumia zana ya Spotless pamoja na kanuni za google-java-format: nafasi mbili kwa kila ngazi, mstari usizidi herufi 100. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, nao una faili lake la kanuni za kupanga msimbo.

Zana hizi hazisogezi nafasi mojamoja. Huuchambua msimbo hadi kupata mti wa sintaksia, yaani muundo unaoonyesha kipi kimo ndani ya kipi. Hupuuza mpangilio wa mwandishi. Kisha huuchapa mti huo upya na kukata mstari unaozidi kikomo. Maoni ya mwandishi ndiyo yanayosumbua zaidi, kwa kuwa mara nyingi hayamo katika mti na lazima yarudishwe mahali pake. Zana njema ikiendeshwa mara ya pili haibadilishi chochote. Black, ya Python, hata hulinganisha mti wa awali na wa baadaye, na hukataa kuandika ikiwa imeona tofauti.

Programu ya indent ya lugha ya C, ya miaka ya 1970, ilikuwa na chaguo nyingi, hivyo ubishi ulihamia kwenye uchaguzi wenyewe. Lugha ya Go, iliyotangazwa Novemba 2009, ilikuja na gofmt, isiyotoa karibu nafasi yoyote ya kuchagua. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Prettier (2017) na Black (2018) zilifuata njia hiyo.

Kasoro zipo. Majedwali ya namba yaliyopangwa kwa mkono huvurugwa, japo zana nyingi huruhusu kuwekewa alama ya kuyaruka. Zaidi ya hayo, kupanga mradi wa zamani hugusa karibu kila faili, na historia ya mabadiliko humwonyesha aliyeendesha zana kama mwandishi wa kila mstari. Git, zana inayotunza historia hiyo, katika toleo lake la 2.23 la Agosti 2019 iliruhusu mabadiliko ya aina hiyo yaorodheshwe na kupuuzwa.

Anayeanza mradi leo aiweke zana siku ya kwanza, faili zikiwa chache, na msimbo usiopangwa usipokelewe. Mwenye mradi wa zamani aupange wote kwa badiliko moja lisilochanganywa na kazi nyingine.