Tarishi Asiyengoja Ujumbe: Dawa Zinazolenga Saratani ya Utumbo Mpana

Kwa miaka mingi, mgonjwa ambaye saratani ya utumbo mpana ilikuwa imemwenea hadi kwenye ini hakuwa na tegemeo kubwa ila tibakemikali, ambayo hushambulia kila seli inayogawanyika kwa kasi, iwe mbovu au nzima. Mnamo Februari 2004, Marekani iliidhinisha dawa mbili za aina nyingine: bevacizumab na cetuximab. Zote ni kingamwili, ingawa kinga hii haikutoka mwilini mwa mgonjwa bali iliundwa maabarani. Bevacizumab huizuia protini inayouwezesha uvimbe kujioteshea mishipa ya damu. Kisa cha cetuximab kina mafunzo zaidi.

Kwenye utando wa seli nyingi za saratani hii kuna kipokezi kiitwacho EGFR. Hicho ni mfano wa mlango: ujumbe wa kuiamuru seli ikue hubishia hapo, kisha hupokezanwa na protini za ndani, mithili ya matarishi, hadi kwenye kiini. Cetuximab huukalia mlango huo. Ilidhaniwa basi kwamba kila uvimbe wenye EGFR ungenywea, na mwanzoni EGFR ndiyo iliyopimwa kabla ya dawa kutolewa. Hata hivyo, wagonjwa wengi hawakupata nafuu. Waliambulia vipele vya uso na kifua.

Sababu ilikuwa ndani ya seli. Mmoja wa matarishi hao ni protini ya KRAS. Jeni yake ikiharibika, jambo linalotokea katika takriban asilimia 40 ya saratani hizi, KRAS hutoa amri ya kukua bila kungoja ujumbe wowote. Kuufunga mlango hapo ni kazi bure. Tafiti zilizochapishwa mwaka wa 2008 zilithibitisha hivyo, na mwaka uliofuata Marekani ikabadilisha maelekezo ya matumizi ya dawa hiyo. Kipimo cha jeni, kwa hivyo, si anasa, hasa pale ambapo dawa yenyewe hununuliwa kwa fedha za harambee.

Mnamo Juni 2024, Marekani iliidhinisha adagrasib, inayomnyamazisha tarishi mwenyewe katika kasoro moja adimu ya KRAS iitwayo G12C. Ajabu ni kwamba hutolewa pamoja na cetuximab: KRAS ikizibwa peke yake, seli huurudia mlango wa EGFR.